Skafu ya Kijani Imekupendeza

"Skafu ya kijani imekupendeza. Usigeuke nyuma."

Maud aliusoma ujumbe huo akiwa amebakiza ngazi chache atoke kwenye kanisa la chini, lile lililo chini ya sakafu ya kanisa kuu la Bourges. Huko chini simu haishiki mtandao. Kila akimaliza kuwatembeza wageni na kuanza kupanda, ndipo kila kitu kinapoingia kwa mpigo: salamu za mama yake, ratiba za kazi, na hivi karibuni, huyu mtu.

Akashika ukuta.

Nyuma yake wageni walikuwa wanapanda huku wakilalamikia magoti.

"Dada, mbona umesimama?" aliuliza mzee mmoja. "Au ndiyo tumefika mbinguni?"

Wenzake wakacheka. Maud hakucheka. Aligeuka, akawatazama usoni mmoja mmoja, wanaume kwanza. Mzee mwenye kofia. Kijana mwenye kamera. Baba aliyembeba mtoto mgongoni. Hakuna aliyekuwa na simu mkononi, wala aliyekwepesha macho.

"Samahani," alisema. "Tuendelee. Juu kuna vioo vya rangi, mtavipenda."

Aliwaonyesha vioo hivyo kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo. Nusu ya maneno aliyoyazoea yalimpotea. Alipowaaga tu, alitoka mbio mpaka kwenye kibanda cha tiketi za kupandia mnara, anakokaa Bi Huguette.

Bi Huguette alikuwa mama wa umri wa kustaafu asiyetaka kustaafu. Mdomo wake haukuwa na breki, na huyo ndiye aliyempokea Maud siku alipofika Bourges na begi moja, akiwa hana anayemjua.

"Umemwona?" Maud aliuliza akihema.

"Nimemwona nani?"

"Yannick. Mrefu, ana kovu kwenye nyusi. Anatembea amepanua miguu kama mtu wa melini."

"Mwanangu, mimi hapa kwa siku napitiwa na Ulaya nzima. Lakini mtu wa hivyo hajapita. Amekuandikia tena?"

Maud akampa simu. Bi Huguette alisoma, akaivua miwani, akaifuta, akasoma tena.

"Huyu yuko karibu," alisema, na safari hii hakuwa na utani. "Twende polisi."

"Nilishakwenda. Wamefungua jalada. Wamesema nisifute kitu, na kila ujumbe ukiingia niwapelekee. Namba wanaifuatilia."

"Na Bastien anasemaje?"

"Anasema nihamie kwake."

"Mh."

"Mh ya nini, Bi Huguette?"

"Mh tu. Umri wangu unaniruhusu kuguna."

Yannick alikuwa mume wa zamani wa Maud. Walioana Lorient, kule baharini magharibi, na mwanzoni alikuwa mtu wa kuchekesha meza nzima. Baadaye akaanza kumpigia simu kila baada ya muda mfupi kumuuliza yuko wapi. Kisha kofi. Kisha siku aliyovunja mlango wa bafu, Maud akiwa amejifungia ndani. Maud alitoka nyumba ile na viatu vya kushoto na kulia visivyofanana. Talaka ilipatikana, na Yannick hakumtafuta tena. Miaka ikapita. Maud akajifunza kulala usingizi wa kweli.

Mpaka ujumbe ulipoanza. *Umepunguza nywele.* Kisha, *Jana umecheka sana na wageni wako. Mimi mbona hukuwahi kunichekea hivyo?* Kisha, *Nilikwambia hutaniacha.*

Ule wa mwisho ndio uliomaliza ubishi. Ni maneno ya Yannick, yale yale aliyoyasema akiwa upande wa pili wa mlango wa bafu.

Kengele ililia mtaani. Treni ndogo nyeupe ya watalii, ile ya matairi inayozunguka mji, ilikuwa inakunja kona kuja mbele ya kanisa. Sauti ya Bastien ikatoka kwenye spika za mabehewa yote:

"Mabibi na mabwana, kushoto mnaliona kanisa kuu. Kulia, pale kwenye kibanda, mnamwona mchumba wangu. Kanisa lilichukua miaka mingi kujengwa. Huyu kukubali kwake kulichukua mingi zaidi."

Watalii wakacheka na kumpungia mkono Maud. Bastien Aubrun alikuwa hivyo. Mabega mapana, sauti nzuri, na kila bibi anayeshuka kwenye treni yake alishuka akiwa anatabasamu. Alizima injini, akaja mbio.

"Umepauka. Kaandika tena?"

Maud akaitikia kwa kichwa. Bastien akamkumbatia mbele ya watu wote, na Maud akajibana kifuani kwake kwa nguvu ambazo zamani hakuwa nazo. Zamani hakuwa hata anapenda kushikwa mkono barabarani.

"Nimempigia," alisema. "Kila nikimpigia simu imezimwa."

"Usimpigie." Bastien alimshika uso. "Sikiliza, mpenzi. Ukimpigia unampa anachotaka. Usimpigie tena. Umenisikia?"

"Nimekusikia."

"Na leo hulali kwako. Sikuombi, nakwambia. Kwangu kuna mbwa, kuna geti. Akija, atanikuta mimi."

"Na Reims je? Wanasubiri jibu langu."

Ofisi moja ya utalii ya Reims ilikuwa imemwita Maud akawe mwongoza watalii mkuu huko. Ilikuwa kazi aliyoiota tangu shule.

"Reims utakuwa peke yako," Bastien alisema polepole. "Unamjua nani Reims? Hapa una mimi."

Jioni ile Maud aliwapigia watu wa Reims, akawaambia hapana. Kisha akaweka nguo zake kwenye gari la Bastien.

Nyumba ya Bastien ilikuwa nje ya mji, upande wa mashamba ya mizabibu, jirani wa kwanza akiwa mbali kiasi cha kutosikia ukipiga kelele. Siku za mwanzo Maud alijisikia salama. Bastien alimpikia, akamwashia moto, akamsindikiza kazini na kumrudisha. Simu ikawa kimya.

Kisha asubuhi moja, akiwa katikati ya kuwaeleza wageni habari za kasri la Jacques-Cœur, ikatetemeka mfukoni.

*Umehamia kwa dereva. Kitanda chake kikubwa, lakini wewe bado unalala upande wa dirisha.*

Maud aliwaomba wageni wamsubiri. Akaingia chooni, akafunga mlango kwa komeo, akakaa sakafuni.

Mtu huyu alikuwa amesimama dirishani. Hakuna maelezo mengine. Alikuwa amesimama nje ya dirisha wakati yeye amelala, na mbwa hawakubweka.

"Bastien," alisema kwenye simu, akinong'ona. "Amefika nyumbani."

"Nini? Uko wapi?"

"Kasrini. Chooni. Anajua ninapolala. Anajua upande."

"Nakuja. Usitoke mpaka usikie sauti yangu."

Alikuja kweli. Alimtoa pale akiwa amemfunika na koti lake. Ndani ya gari hakuwasha injini mara moja.

"Nani anajua kwamba umehamia kwangu?" aliuliza.

"Polisi. Na Bi Huguette."

"Basi."

"Basi nini?"

"Sitaki kusema kitu. Lakini yule mama ana mdomo, Maud. Kila anayenunua tiketi anapewa na habari za mji mzima."

"Hawezi."

"Si kwa ubaya. Ila mtu akija na uso mzuri akauliza, hivi Maud siku hizi anakaa wapi, unadhani atanyamaza?"

Maud akatazama nje ya kioo.

"Acha kazi kwa muda," Bastien alisema. "Mpaka akamatwe. Mimi nipo. Hutakosa kitu."

"Nikiacha kazi nitakaa siku nzima peke yangu kule shambani."

"Na mbwa."

"Mbwa hawakubweka, Bastien."

Bastien akawasha gari.

Maud hakuacha kazi, lakini aliacha kwenda kibandani. Akimwona Bi Huguette kwa mbali, alikuwa anapita mlango wa pembeni. Alipunguza pia kusimama na wauza mikate, kusalimiana na bawabu, kucheka na wageni. Kila uso mpya ulimtia baridi tumboni. Usiku alikuwa anaamka kusikiliza. Mchana, mtu akimgusa bega kuuliza choo kiko wapi, alikuwa anaruka kama aliyeunguzwa. Mtu pekee aliyeweza kumgusa bila kumshtua alikuwa Bastien.

Bi Huguette alivumilia, kisha uvumilivu ukamwisha. Siku moja mchana alimvizia Maud kwenye bustani ya nyuma ya kanisa, akiwa na kipande cha mkate wa viazi kwenye karatasi.

"Kaa," alisema. "Kula. Halafu unieleze nimekukosea nini."

"Hujanikosea."

"Mimi si mjinga. Unanipita kama nina ukoma."

Maud alikaa. Mkate hakuugusa.

"Ameandika kwamba nimehamia kwa Bastien, na kwamba nalala upande wa dirisha. Ulimwambia mtu ninapolala?"

Bi Huguette alinyamaza. Lilikuwa jambo la ajabu kumwona akinyamaza, na Maud akaona macho yake yamelowa.

"Siku uliyokuja mjini hapa," mama yule alisema, "ulilala sebuleni kwangu na taa ikiwaka. Nimewahi kumwambia mtu? Hata Bastien nilimwambia? Nani kakutia maneno hayo?"

Maud aliinamisha kichwa.

"Sawa. Nijibu lingine. Huyo Yannick, nani amemwona kwa macho yake? Mji huu mdogo. Mtu mrefu, ana kovu, anatembea kama yuko melini. Hakuna hata muuza magazeti aliyemwona?"

"Nani mwingine ana sababu?"

"Sijui. Ndiyo maana nasema tuulize. Piga simu kwao."

"Naogopa."

"Najua. Nitakushika mkono. Piga."

Maud alikuwa na namba ya Nolwenn, dada yake Yannick. Hakuwahi kuifuta wala kuipiga. Iliita kwa muda mrefu.

"Haloo?"

"Nolwenn. Ni Maud."

"Maud yupi? Maud wa Yannick?"

"Niliyekuwa wa Yannick. Naomba kitu kimoja tu. Niambie yuko wapi."

"Kwa nini?"

"Kuna mtu ananifuata. Ananiandikia. Anajua nguo ninazovaa na kitanda ninacholalia. Kama ni yeye, nakuomba mwambie aniache. Nakuomba, Nolwenn."

"Ngoja kwanza." Sauti ya upande wa pili ililainika. "Hakuna aliyekwambia? Yannick yuko Guyana, huko Amerika ya Kusini. Amekwenda tangu mwaka jana, kaoa huko huko, wamepata mtoto. Asubuhi hii nilikuwa naongea naye kwa video. Anabadilisha nepi, anatapika."

Maud akahisi bustani nzima inazunguka.

"Una uhakika?"

"Nilikuona kwa macho yangu ulivyotoka kwetu, Maud. Siwezi kukudanganya kwenye jambo kama hili. Anayekufuata huko si kaka yangu. Mtafute mwingine."

Simu ikakatika. Maud alikaa nayo mapajani. Alikuwa ametarajia nafuu, na nafuu haikuja. Muda wote huu hofu yake ilikuwa na sura, urefu na kovu. Angeweza kuikimbia akiiona. Sasa haikuwa na sura yoyote, na ingeweza kuwa imekaa kwenye benchi la jirani.

"Mwanangu," Bi Huguette alisema kwa sauti ya chini. "Ni nani anayejua kwamba unalala upande wa dirisha?"

"Usiseme."

"Sijasema kitu. Nimeuliza."

"Bastien ananipenda."

"Sijasema hakupendi. Na yale maneno ya Yannick ya siku ya bafu, ulimsimulia nani?"

Maud aliinuka. Mkate ukaanguka kwenye majani.

"Nina kundi la wastaafu kutoka Limoges," alisema. "Nimechelewa."

Wastaafu hao walikuwa wamelipia ziara ya treni: kanisani, kasrini, uwanja wa nyumba za mbao, kisha chini bondeni kwenye bustani zilizozungukwa na mifereji, na kurudi. Bastien ndiye alikuwa dereva. Alimbusu Maud shavuni kama kawaida.

"Umelia?"

"Vumbi."

"Kaa mbele na mimi."

"Leo nitakaa nyuma. Kuna bibi anaumwa mguu, nimsaidie."

Hakuwa na maana yoyote. Alihitaji tu kupumua. Akakaa behewa la mwisho, karibu na bibi mmoja mnene mwenye mkoba mkubwa, aliyejitambulisha kwa jina la Colombe Fargeas, mjane, muuza nyama tangu ujana wake.

Treni ikateremka taratibu. Sauti ya Bastien ilijaa mabehewa, tamu na ya utani, na wazee wakawa wanacheka. Maud alimtazama kichogoni. Shingo aliyoijua. Masikio aliyoyajua. *Hapana,* alijiambia. *Yeye ndiye aliyenitoa chooni. Yeye ndiye aliyenifunika koti.*

Kule bondeni treni ilisimama ili watu wapige picha. Wakulima walikuwa wameinama kwenye maboga yao, mvuvi mmoja amesinzia juu ya ndoano. Watu wakarudi, treni ikaanza kusogea, na simu ya Maud ikatetemeka.

*Behewa la mwisho si salama. Kaa karibu na dereva wako.*

Aliangalia kushoto. Mvuvi bado amesinzia. Wakulima wameinama. Hakuna mtu mwingine.

Alikumbuka ameambiwa asipige. Akabonyeza kupiga.

Kwa mara ya kwanza namba ile iliita.

Na kwenye spika, katikati ya maneno ya Bastien, ukaingia mngurumo, kama nyuki aliyefungiwa ndani ya chupa.

"...na bustani hizi, mabibi na mabwana, zamani zilikuwa..."

Grrr. Grrr.

"...zilikuwa matope matupu..."

Grrr.

Maud akakata. Mngurumo ukakatika.

"Mitambo yake imeharibika," alisema Colombe.

Maud alipiga tena. Kidole kilikuwa kizito kama si chake. Ikaita, na spika za mabehewa yote zikanguruma pamoja. Simu ilikuwa imelazwa karibu na kipaza sauti, mbele pale, kwenye kidawati cha dereva.

Bastien aliacha kusema. Kwenye kioo kirefu cha pembeni, macho yake yalipanda polepole mpaka yakakutana na ya Maud.

Kipaza sauti kilikuwa bado wazi.

"Maud," spika zilisema. "Kata simu."

Wazee wote wakageuka.

"Maud, kata simu, mpenzi. Nitakueleza."

Hakukata. Hakuweza hata kukumbuka namna ya kukata. Treni ikaongeza mwendo. Pale inapotakiwa kukunja kurudi mjini haikukunja. Ilinyoosha na barabara nyembamba ya kandokando ya mfereji, ile inayotoka nje ya mji.

"Dada," Colombe aliuliza, "huyu anatupeleka wapi?"

"Sijui."

"Unamfahamu?"

"Nilidhani namfahamu."

Mzee mmoja behewa la kati alipiga bati kwa mkongojo wake, akipiga kelele dereva asimame. Dereva hakusimama. Mabehewa yalianza kuyumba, na mama mmoja akashika rozari yake. Maud aliangalia maji ya mfereji yanayopita pembeni, akafikiria kuruka, akawatazama wale wazee na magoti yao. Hakuweza kuwaacha.

Mbele, gari la mkulima lilikuwa limeziba njia, likipakia maboga. Bastien akafunga breki. Watu wakagongana mabega. Akashuka, akaja nyuma kwa hatua ndefu, uso mweupe.

"Shuka," alisema. "Twende nyumbani tukaongee."

"Ni wewe," Maud alisema. Sauti ilitoka kidogo sana. "Muda wote ni wewe."

"Sikuwa na nia ya kukudhuru. Unanijua. Nimewahi kukuinulia mkono?"

"Nililala na taa ikiwaka, Bastien. Nilikuwa natapika asubuhi kabla ya kwenda kazini, na wewe ulinishikia nywele."

"Ulikuwa unaondoka." Macho yake yalijaa machozi, na yalikuwa machozi ya kweli, jambo ambalo lilimtisha Maud kuliko yote. "Ungekwenda Reims, ungenisahau. Hukuwa hata unanishika mkono barabarani. Tangu umeanza kuogopa umekuwa wangu. Unalala kifuani kwangu. Unanitafuta kwa macho."

"Nilikuwa nakupenda hata kabla."

"Kidogo tu. Ukiogopa unanipenda sana."

Akamshika kifundo cha mkono, akavuta.

"Mwachie mkono," alisema Colombe.

"Mama, hili halikuhusu."

"Nimeuza nyama maisha yangu yote. Nimetoa dukani wanaume wakubwa kuliko wewe, tena wakiwa wamelewa. Mwachie mkono."

Alikuwa ameinuka na kuuweka mkoba wake kati yao, pamoja na mwili wake wote mzito. Wazee wengine walikuwa wameanza kushuka, mmoja mmoja, wakisaidiana, na mikongojo yao. Hawakusema kitu. Walisogea tu, wakasimama mbele ya behewa la mwisho. Mkulima wa maboga naye alikuja, akiuliza kuna nini, simu ikiwa tayari sikioni.

Bastien akawatazama. Akauachia mkono.

"Tunarudi kwa miguu," Colombe aliwatangazia wenzake. "Asiyeweza atabebwa na gari la maboga."

Wakaondoka. Msafara wa wazee, Maud katikati yao, wakifuata njia ya bustani kuelekea kwenye minara ya kanisa iliyoonekana mbali juu ya miti. Mwendo ulikuwa wa taratibu wa kutesa. Nyuma Maud alisikia viatu kwenye kokoto, vile viatu anavyovijua, vikija.

"Maud," sauti iliita. "Maud, niangalie."

Shingo ya Maud ilikakamaa.

"Wewe tazama mbele," Colombe alimwambia, amemshika kiwiko. "Nyuma naangalia mimi. Bado anakuja. Bado. Sasa amesimama. Amekaa chini njiani, anajishika kichwa. Twende."

Ndipo Maud alipolia, na aliendelea kutembea huku akilia mpaka wakaiona kofia ya polisi wa kwanza pale darajani.

Polisi waliichukua simu kutoka kwenye kidawati cha dereva. Bastien hakubisha. Alikiri yote siku ile ile, kwa utaratibu, kana kwamba anaeleza njia ya treni. Kazi aliipoteza. Alihamia kwa kaka yake huko Nevers kusubiri kesi. Maud alirudi sebuleni kwa Bi Huguette.

"Nisamehe nilikushuku," alimwambia.

"Ukinishuku tena nitakupandisha mnara ule kwa miguu, huku umenibeba."

Bi Huguette alitandika kochi, akaacha taa ikiwaka bila kuombwa.

Watu wa Reims walisikia habari, wakapiga simu kusema nafasi bado ipo. Bi Huguette alidhani atakwenda, akaanza kumtafutia begi kubwa.

"Siendi," Maud alisema. "Nilishakimbia mji mmoja kwa sababu ya mwanaume. Huu sikimbii. Siku nikitaka Reims nitakwenda kwa sababu naitaka."

Maud na Bi Huguette walionana na Bastien mara moja tu, kwenye korido ya mahakama, baada ya hakimu kumpa kifungo cha nje na kumkataza kumsogelea Maud wala kumwandikia. Alikuwa amekonda. Wakili wake alimvuta mkono, lakini alisimama.

"Nilikupenda," alisema. "Niliogopa kukupoteza. Basi tu."

Bi Huguette alifungua mdomo, Maud akamzuia.

"Na mimi niliogopa," alimwambia. "Kila siku. Lakini sikumtisha mtu."

Bastien akatazama sakafu. Wakili akamwondoa.

Nje kulikuwa na jua. Bi Huguette akamshika mkono.

"Twende tukale. Kuna mahali wana jibini la mbuzi la moto, utasahau dunia."

"Wewe nenda, nitakuja jioni. Nina wageni saa nane."

"Leo?"

"Leo."

Maud alipandisha peke yake mtaa wa Bourbonnoux, kati ya zile nyumba za mbao zilizoegemeana. Mtaa ulikuwa mtupu. Katikati ya njia akasikia hatua za mwanaume nyuma yake, zinakuja haraka kuliko zake. Mkono ulienda wenyewe kwenye mkanda wa begi, ukashika.

Alitaka kukimbia. Badala yake akasimama, akaegemea ukuta, akageuka.

Alikuwa mtu mzima mwenye mkate kwapani, amechelewa chakula cha mchana.

"Habari za mchana, bibie," alisema akipita.

"Nzuri, bwana," Maud alijibu.

Alimtazama mpaka alipopotea kwenye kona, akasubiri moyo urudi mahali pake. Kisha akaendelea kupanda kwenda kanisani, ambako wageni wake walikuwa wameshaanza kukusanyika mlangoni.